Kubadilisha Mtumiaji

Siku ya kumi ya ilani, Caren aliamka amechoka kama mtu aliyelima shamba zima usingizini. Alikaa ukingoni mwa kitanda akausikiliza ukimya wa nyumba yake. Zamani, saa kama hizo, mashine ya kusaga karanga ingekuwa imeshaanza kunguruma barazani, naye angekuwa amefunga leso kiunoni, jasho likimtiririka, akiimba wimbo ambao hakuwahi kujua ubeti wake wa pili. Sasa mashine ilikuwa imefunikwa shuka kuukuu, na kila alipoipita aligeuza uso pembeni, kama anayepishana na jamaa waliyekosana.

Wiki sita zilikuwa zimepita tangu ofisi ya mipango ya mji imwamuru aizime. Mtaa wake, juu kidogo ya barabara iendayo Isebania, ulikuwa mtaa wa makazi. Kwenye ramani ya ofisi ulipakwa rangi ya kahawia, na soko la Migori likapakwa nyekundu. Afisa aliyemletea amri alimweleza kwa upole kwamba kahawia ni pa kulala na nyekundu ni pa kuuza. Caren akamuuliza mtu mwenye nyumba moja alale rangi gani. Afisa akainama, akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye sana ndipo alipokiri kwamba hakuwa ameandika chochote. Alikuwa amechora mstari tu, ili apate pa kutazama.

Jina lake Werema. Kwao Ntimaru, kule Kuria, alikokulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake, na bado alikuwa na hatua ndefu za mtu asiyeamini kwamba njia ina mwisho. Siku ile ya kwanza Caren alikuwa amejiandaa kwa matusi, maana jirani yake, mzee Osoro, alikuwa amepeleka lalamiko la kurasa mbili. Mzee Osoro alikuwa fundi saa mstaafu ambaye hakustaafu hata kidogo. Alitengeneza saa za watu sebuleni kwake, juu ya meza ya kulia chakula, na mngurumo wa mashine ya Caren uliifanya mikono yake itetemeke. Kazi yake haikumletea afisa yeyote mlangoni kwa sababu haikusikika, haikunukia, wala haikuita magari. Ya Caren ilifanya yote matatu.

Werema hakutukana. Aliomba ruhusa avue viatu. Akalipima baraza kwa futi ya chuma, akapata jibu, akapima tena, akapata lingine, akapima mara ya tatu, akapata la tatu. Caren alimkaribisha siagi ya karanga kwenye kijiko, ya moto, iliyotoka mashineni dakika ile. Werema aliitazama kama mtoto anavyotazama keki ya harusi ya watu wengine.

"Nikila itakuwa hongo," alisema.

"Basi nitakuwekea. Utakula siku faili langu litakapofungwa."

Akamwekea kweli. Chupa moja, kifuniko chekundu, na juu ya kibandiko akaandika kwa kalamu: *Afisa*. Chupa ile ikakaa rafuni wiki sita. Werema alikuja na fomu, akaja na ramani, akaja kuuliza upana wa lango, akaja kuuliza upana wa lango lile lile, na kila alipokuja aliitazama ile chupa kwanza, halafu mwenye nyumba. Na mwenye nyumba, aliyekuwa ameamini kwamba sehemu ile ya moyo wake ilizikwa Kosele pamoja na Willis, akaanza kufagia uwanja kila Jumanne na Alhamisi.

Willis ndiye mume aliyeijenga nyumba hii. Aliugua miezi minane, akafa, na sasa ulikuwa mwaka wa tatu. Caren alikuwa ameacha kazi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja ya watu binafsi ili amuuguze, na alipomaliza kuzika, darasa lake lilikuwa na mwalimu mwingine. Aliyemwinua ni mama mkwe wake, Mama Risper. Alikuja kutoka Kosele na magunia mawili ya karanga, akayashusha barazani, akasema hakuna mwanamke aliyekufa kwa kumenya. Mwaka ule wa kwanza wawili hao waliomboleza hivyo, wakimenya, maganda yakiwafika magotini, bila kusemezana sana. Ndivyo biashara ilivyozaliwa. Ndiyo sababu Caren alimpenda yule mama kwa upendo uliochanganyika na woga, na hakujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi.

Sasa kila kitu kilining'inia kwenye ubao mmoja langoni. Kanuni ilitaka mwenye kiwanja atangaze nia yake ya kufanya biashara kwenye kiwanja cha makazi, na majirani na wenye haki wapewe siku kumi na nne za kupinga. Pingamizi lisipokuja, mashine ingewaka. Pingamizi likija kutoka kwa mtu mwenye uzito, mashine ingeuzwa, na Caren angerudi kwa wazazi wake Sori kuanika omena, dagaa wa ziwani, akiwa na miaka thelathini na nne na cheti cha ualimu ndani ya mfuko wa plastiki.

Matangazo kama hayo huandikwa kwa Kiingereza, lakini Werema alitaka majirani waelewe. Alikaa na brashi yake nusu siku, akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa nyeusi:

ILANI KWA UMMA. KUBADILISHA MTUMIAJI WA KIWANJA. MWENYE PINGAMIZI AANDIKE NDANI YA SIKU KUMI NA NNE.

Aliuinua ubao dhidi ya lango akamwomba Caren amshikie misumari. "Kiswahili kimekaa sawa, mwalimu?"

Caren alisoma. Akasoma tena. Misumari ilikuwa imeanza kupata joto kiganjani mwake.

"Kimekaa," alisema, akampa msumari wa kwanza.

*

Siku hiyo ya kumi ilikuwa Jumamosi. Saa kumi jioni Werema alibisha lango bila koti lake la ofisi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Mikononi hakuwa na kitu.

"Hodi kwa mwalimu."

"Karibu, afisa. Faili liko wapi leo?"

"Ndilo lililonileta," alijibu, akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mashine iliyofunikwa, akapangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi.

Alianza na habari njema. Mzee Osoro alikuwa ameondoa lalamiko lake. Alitaka vipande vinne vya raba chini ya miguu ya mashine, na mashine inyamaze ifikapo saa tisa alasiri, basi. Zilibaki siku nne. Hakuna mwingine aliyeandika.

Caren alijua kwamba hapo alipaswa kurukaruka. Badala yake alitafuta kitu cha kuegemea, akauegemea mlango.

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi. Nimechoka tu. Furaha inakuja, lakini inakuja kwa miguu."

Werema akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. Akasema faili halikuwa lake tena. Tangu jana alikuwa amemkabidhi mwenzake, Priscah, naye ndiye angelimaliza.

Caren alisimama wima. Katika wiki hizo sita alikuwa amezoea kupoteza vitu, lakini hiki hakuwa amekihesabu miongoni mwa vyake. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kuna fomu ambayo afisa hujaza akiwa na maslahi katika faili analolishughulikia. Nimeijaza."

"Maslahi gani? Una kiwanja mtaa huu?"

"Sina."

"Ama unataka kuanza biashara ya karanga?"

"Sitaki."

"Basi umeandika nini kwa hiyo fomu, Werema?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Wote wawili walilisikia. Werema aliinua macho, na kwa mara ya kwanza hayakukimbilia rafuni wala kwenye daftari.

"Fomu inauliza kama maslahi yapo. Haiulizi ni yapi. Nimeandika yapo."

Nje, pikipiki ilipita. Caren alisubiri kelele zake ziishe, kwa sababu hakutaka swali lake lichanganyike nazo.

"Yapo tangu lini?" aliuliza.

"Tangu nilipopima baraza hili mara tatu nikapata majibu matatu. Mimi huwa sikosei vipimo."

Aliongea bila kupamba, kama mtu anayesoma ripoti, na pengine ndiyo sababu kila neno lilimwingia Caren bila kugonga mahali. Akamweleza kwamba ameshamwambia mama yake, Ntimaru. Mama kwenye simu aliuliza kama ni Mjaluo kweli, akauliza kama ni mjane kweli, kisha akauliza kama anajua kusonga ugali wa wimbi usiokuwa na madonge.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia hilo la tatu sijalichunguza."

Caren akacheka mpaka akalazimika kufuta macho, na alipofuta akaona kwamba si machozi ya kicheko pekee. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliingia ndani, akaishusha ile chupa yenye kifuniko chekundu, akaipangusa vumbi kwa ncha ya leso, akatoka nayo na kijiko.

"Kama faili si lako, hii si hongo."

Werema alifungua. Mafuta yalikuwa yamepanda juu kwa kukaa sana, akayakoroga polepole, akala kijiko kimoja, akafumba macho. Kilichokuwa usoni mwake wakati ule ni kitu ambacho Caren hakuwa amekiona kwenye uso wa mwanamume kwa muda mrefu, na alikitazama bila haya, kwa vile yule mwenye uso alikuwa amefumba macho.

Hivyo ndivyo gari dogo la kukodi lilivyowakuta.

*

Alishuka kwanza Elvis, shemeji yake, mdogo wa mwisho wa Willis, simu mkononi kama kawaida. Akafungua mlango wa nyuma, akashuka Mama Risper. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa na viatu vya Jumapili, ingawa siku ilikuwa Jumamosi, na mkoba aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakuingia. Hakusalimia, na kwa mama yule, ambaye husalimia hata mbwa wa jirani, hilo pekee lilitosha kumfanya Caren ateremke ngazi za baraza mbio.

"Karibu ndani, Mama."

"Hapa panatosha." Angeweza kusema kwa Kijaluo. Alichagua Kiswahili, ili yule mgeni barazani asipitwe na neno, isipokuwa lile la kumwita mkwewe, binti wa Sori. "Nyar Sori, kuja unisomee hii ubao. Macho yangu imezeeka, pengine nimesoma vibaya."

"Ni ilani, Mama. Ya mashine. Nilikueleza kwa simu."

"Uliniambia mashine. Hapa imeandikwa mtumiaji. Mashine inaitwa mtumiaji siku hizi?"

Elvis alikohoa. "Shem, hii picha iko kwa grupu ya familia tangu Jumatano. Watu themanini wameiona. Anko wa Rongo ameuliza kama huyo mtumiaji mpya anakuja na kitanda yake ama anarithi ya brathe."

"Elvis, nyamaza," alisema mama yake, lakini alisema amechelewa kidogo, kama aliyetaka swali lifike kwanza.

Kwao, mjane huitwa *chi liel*, mke wa kaburi, na hubaki na jina hilo hadi ukoo uamue vinginevyo. Kiwanja kile kilikuwa cha Willis. Mtumiaji wake alikuwa Willis. Na mkewe ametoboa lango la Willis kwa misumari akatangazia barabara nzima kwamba mtumiaji anabadilishwa, mwenye pingamizi aandike. Mama Risper aliyaeleza hayo polepole, bila kupaza sauti, akiwa amegusa ubao kwa kidole kimoja kana kwamba ni sufuria ya moto. Alisema alisomewa picha ile kanisani juzi, kwenye kikao cha akina mama, benchi la mbele, na mke wa mchungaji. Alisema mke wa mchungaji alimpa pole.

Werema alikuwa ameshuka ngazi. Alisahau kwamba bado ameshika kijiko.

"Mama, shikamoo. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeandika."

Mama Risper alimtazama kutoka juu hadi chini, akaishia kwenye kijiko. "Na wewe ni nani?"

Akajieleza. Kazi yake, ofisi, utaratibu. Kwa Kizungu neno ni *change of user*, alisema, naye alilitafsiri kama lilivyo, mtumiaji, kumbe alipaswa kuandika matumizi. Kubadilisha matumizi. Kiwanja cha kulala kiwe pia cha kazi.

"Matumizi. Mtumiaji. Iko tofauti gani?"

"Matumizi ni kazi ya kiwanja, Mama. Mtumiaji ni mtu."

"Na mtu ni wewe?"

Werema alichora mstari hewani kwa kijiko, kama siku ile ya rangi ya kahawia.

"Hiyo kijiko yako iko na karanga ya Kosele," Mama Risper aliendelea. "Mimi nilipanda. Mimi niling'oa. Naona mtumiaji ameanza kutumia kabla siku kumi na nne haijaisha."

Elvis aliangua kicheko akakimeza. Juu ya ua wa jirani kichwa cha mzee Osoro kilitokeza, lenzi ya fundi saa ikiwa bado jichoni, kikabaki pale pale bila kujificha.

Werema hakutafuta pa kukimbilia. Aliinama, akaomba msamaha kwa mikono miwili, kwa familia, kwa kanisa, kwa jina la marehemu. Alisema kalamu yake ilimdhalilisha mtu ambaye hakumjua, na kwamba ubao angeushusha mwenyewe saa hiyo hiyo. Mama Risper alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa mtu wa haki.

"Umesema vizuri, kijana. Makosa ya kalamu nasamehe." Kisha akafungua mkoba, akatoa bahasha. "Sasa tuongee na mwenye nyumba."

Ilikuwa barua ya pingamizi. Hakuhitaji kuifafanua. Baada ya kifo cha Willis, karatasi za kiwanja ziliandikwa majina mawili, la mjane na la mama, na hakuna ofisi duniani ambayo ingempa mmoja kibali huku mwingine amekataa. Caren aliitazama bahasha ile akahisi uchovu wa wiki sita, na wa miaka mitatu iliyo nyuma yake, ukimshukia mabegani kwa pamoja.

Mama Risper hakutaka kuitumia, alisema. Magunia mengine manne ya karanga yalikuwa tayari nyumbani. Alitaka jambo moja tu. Caren asimame hapo langoni, Elvis arekodi, aseme: nisameheni, ilikuwa makosa, mimi bado ni bibi ya Willis. Grupu isikie, kanisa isikie. Barua ichanwe hapo hapo, na Ijumaa mashine iwake.

Elvis aliinua simu. Taa yake ndogo ikawaka.

Werema alisogea karibu na Caren, akanong'ona, "Sema tu. Ni maneno. Kosa ni langu, wewe unalibeba kwa dakika moja, basi."

Ni maneno. Caren aliyajua yale maneno. Katika miaka mitatu alikuwa ameyasema kwa kila mtu. Alimwomba msamaha daktari kwa kuchelewa kumleta Willis. Aliomba msamaha matangani kwa sababu chakula hakikutosha, na akina shangazi kwa sababu hakuwa na mtoto wa kushika jina la marehemu. Alimwomba msamaha mzee Osoro kwa ngurumo, wateja kwa kukawia, ofisi kwa kuishi kwenye rangi ya kahawia. Kinywa chake kilikuwa kimezoea kiasi kwamba lile neno lilishaanza kupanda lenyewe, lilikuwa hapa kooni, lingetoka bila hata kumgharimu pumzi. Na kwa mara ya kwanza aliona kwamba uchovu wake haukutokana na kazi. Kazi alikuwa nayo kidogo mno.

"Mama," alisema, "nilifundisha Kiswahili miaka sita."

"Najua. Nilikuwa nikijisifu nayo."

"Huyu aliniuliza kama ubao umekaa sawa, kabla ya kuupiga misumari. Nilisoma mara mbili. Nililiona kosa."

Werema aligeuka kumtazama. Kijiko kilimponyoka, kikaangukia vumbini.

"Uliona," alisema Mama Risper.

"Niliona. Nikampa msumari."

"Marang'o?" Lilimtoka kwa Kijaluo, swali la mama kwa mtoto, kwa nini, na hasira yote ilikuwa imelikimbia.

Caren hakuwa ameliandaa jibu. Alilitafuta pale pale, mbele ya simu iliyokuwa ikirekodi na jirani aliyekuwa ameacha hata kupepesa jicho. Alisema siku ile neno lile ndilo lilikuwa la kweli la kwanza kusemwa kuhusu nyumba hii tangu mazishi. Yeye mwenyewe alikuwa amelibeba moyoni tangu mtu fulani akosee kupima baraza, akachoka kulibeba. Likaja likaandikwa kwa herufi kubwa na mtu ambaye hakujua anaandika nini. Angelifuta vipi?

"Na Willis?"

"Willis nilimwosha kwa mikono hii, miezi minane. Nilimlisha kwa kijiko. Wewe ulikuwepo, Mama. Sema kama nilimkosea siku hata moja."

Mama Risper hakuwa na siku ya kuitaja. Alitazama bahasha mkononi mwake, kisha barabara.

"Mimi nilikuwa mjane na miaka thelathini na mbili," alisema hatimaye, taratibu. "Sikubadilisha kitu."

"Najua, Mama. Ulichoka?"

Swali lile halikuwa na ukali. Lilikuwa swali la mwanamke aliyewahi kumenya karanga na mwenzake mpaka kucha zikauma. Mama Risper alikitengeneza kitambaa chake kichwani, mahali ambapo hakikuwa kimelegea. Midomo yake ilisogea. Kwa kitambo Caren aliamini kwamba angejibu, na kwamba jibu lingekuwa refu kuliko jioni yenyewe.

"Omba msamaha, mtoto yangu," mama akasema badala yake, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anaomba. "Neno moja. Mimi nachana hii karatasi, tunaingia ndani, tunakunywa chai. Usinifanye nipeleke."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Bahasha ile Caren angeweza kuikabili. Macho yale yalimshinda nguvu, akashika lango. Upande wake wa kushoto Werema alikuwa amesimama, mikono mitupu, hamsukumi tena. Aliiona mashine barazani chini ya shuka lake. Aliiona Sori, na omena zimeanikwa juu ya nyavu.

"Ofisi inafunguliwa Jumatatu saa mbili," alisema. "Uliza Priscah. Atapiga muhuri, atakupa nakala yako. Huyu hapa hawezi kuipokea, ana maslahi."

"Nyar Sori."

"Chai ipo, Mama, na kiti chako kiko pale pale. Ubao una kosa la neno moja, kesho nitalirekebisha kwa mkono wangu, niandike matumizi, kwa sababu ndivyo sheria inavyotaka." Akageuka akaitazama ile taa ndogo ya simu. "Elvis, bado unarekodi?"

"Bado, shem."

"Basi wapelekee wote, na Anko wa Rongo pia. Waambie siombi msamaha."